Uvimbe kwapani, niende hospitali au nisubiri?

SWALI: Dokta habari, nina kauvimbe kwapani kushoto, hakaumi ila wiki zinapita na hakapungui. Rafiki yangu anasema ni wembe tu. Nisubiri?

JIBU: Dada, wembe kweli unaleta vipele na majipu, ila hivyo vinauma, vinakuwa vya moto, na mara nyingi ndani ya wiki mbili vimeisha. Kako hakaumi na hakaondoki, na hapo ndo wengi wanajidanganya eti kisichouma hakina shida, kumbe tezi iliyovimba kwa maambukizi ndo mara nyingi inauma. Ukikashika ukakuta kagumu, hakachezi chini ya ngozi au kanazidi kukua, wahi, na kama una homa zisizoisha, unakonda tu au unatoka jasho usiku mpaka shuka linalowa, wahi zaidi. Kagua na matiti, maana nyama ya titi inafika mpaka kwapani (wanaume nanyi mnapata saratani ya titi, msijisahau). Daktari atakupapasa, pengine akuandikie ultrasaundi, akiwa na wasiwasi atachukua kinyama kwa sindano kikapimwe. Mara nyingi inakutwa ni kitu cha kawaida. We nenda wiki hii, na usikaminye.