Vijana wangu wa sekondari wanagombana kuhusu dini: nifundisheje?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nafundisha kipindi cha dini kidato cha pili, shule ya kata hapa Ujiji. Vijana wanagombana juu ya kunuti (dua isomwayo kwa kusimama ndani ya sala) na maulidi, na juzi mmoja alikejeli msalaba wa mwenzake Mkristo. Nikisema "vumilianeni" wananiona nimelegea. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykumu salaam ustadhi. Wanataka dalili, yaani ushahidi wa Qur'ani na hadithi, na ni haki yao. Wape.

Anza na khitilafu za ndani, kwani asiyemstahi mwenzake wa safu moja hatamstahi Mkristo. Soma nao hadithi ya Bani Quraydha, kabila la Mayahudi wa Madina, iliyomo katika mkusanyo wa hadithi wa Bukhari. Mtume (s.a.w.) aliwaagiza masahaba wasiswali Alasiri ila wakifika kwa kabila hilo. Wakati ukawakuta njiani: baadhi wakaswali, wakifahamu kuwa alitaka waharakishe, wengine wakangoja wafike. Hakulaumu upande wowote. Ligawe darasa mara mbili, kila kundi litetee rai isiyo yake kwa dakika 10. Katika kipindi cha dakika 40 utabaki na muda wa kunuti: kati ya maimamu wa madhehebu, Shafi anaiona sunna kila Alfajiri, Abu Hanifa na Ahmad hawaioni hivyo ila panapotokea balaa. Kisha waulize kama sala ya anayemfuata imamu mwenye kunuti inabatilika. Haibatiliki.

Kuhusu kejeli, andika ubaoni sura ya An'am, aya ya 108: "Wala msiwatukane wale wanaowaomba badala ya Mwenyezi Mungu, wasije wakamtukana Mwenyezi Mungu kwa uadui bila ya kujua." Pigia mstari sababu. Anayetukana ndiye anayefungua mlango wa Mola wake kutukanwa! Ongeza sura ya Mumtahina, aya ya 8, inayoruhusu wema na uadilifu kwa wasiotupiga vita. Kijana huyo mnasihi faraghani, kisha aombe radhi mbele ya darasa lile lile, maana kosa lilikuwa la hadharani.

Usiwaambie dini zote ni sawa. Wamehifadhi sura ya Al-Kafirun, isemayo "nyinyi mna dini yenu, nami nina dini yangu", watakukataa wewe na wastani wako pamoja. Heshima ni haki ya jirani. Itikadi inabaki palepale. Wala usiingize darasani mihadhara ya kulinganisha dini: kijana wa miaka 15 hukariri aya za Biblia ili ashinde tu, na kusikiliza hajifunzi kamwe.

Maulidi yaache hadi wiki ya tatu au ya nne. Humo wanatetea baba na babu zao, na hasira huja kabla ya dalili.

Wallahu aalam.