Mipapai inachanua lakini haizai: kabla ya msumari, pasua ua

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Mipapai miwili inachanua tangu Januari na hujaona hata papai moja, mpesheni umetanda ukuta mzima ila maua yanadondoka, mstafeli unakupa tunda moja kwa mwaka tena limepinda. Na la nne umelipitisha pembeni, kwamba shemeji anataka kitu cha kunukia pale dirishani. Waliotangulia wamekushauri mbolea, dawa ya kupulizia, na mmoja kasema upigilie msumari kwenye shina. Mimi nipo Kigamboni mwaka wa kumi na moja huu, kwenye mchanga huohuo wa pwani, na yote hayo yamenipata. Kabla hujatoa hela, kaangalie ua.

Kwa mpapai jibu umeshalitoa mwenyewe uliposema maua "yananing'inia kama shanga". Mpapai unaoshusha vikonyo virefu vyenye viua vingi vyembamba ni dume. Ua la jike ni nene na limekaa karibu kabisa na shina, pale jani linapochomoza. Lipasue kwa kucha: utakuta ndani kitu kinene cha kijani hafifu, mfano wa kunazi changa. Hilo ndilo papai lenyewe. La dume ukilipasua unakuta kijiti chembamba na unga wa njano, basi. Iko na aina ya tatu yenye dume na jike ndani ya ua moja, na hiyo ndiyo inayotoa mapapai marefumarefu unayoyaona sokoni. Jike tupu huzaa ya mviringo zaidi.

Mbegu haikwambii itakuwa nini. Ukipanda mbegu za papai la kienyeji tarajia kama nusu kwa nusu, na hutajua lipi ni lipi mpaka yachanue, miezi minne hadi sita hivi baada ya kupanda. Anayekushikia mche na kukwambia "huu jike, ona mzizi wake" anakuuzia maneno. Mimi niliuziwa sita, "majike matupu kaka", kwa bei ya kuumiza, na manne yakawa madume. Siku hizi nafanya hivi: kila shimo miche mitatu, mmoja na mwenzake shibiri moja, shimo na shimo mita mbili na nusu. Ikichanua nakata madume, nabakiza jike moja kila shimo, na dume moja kwa shamba zima. Hilo moja linatosha majike kumi na zaidi, na kama lipo kwa jirani wala huhitaji la kwako. Panda kwenye tuta, maana masika maji yakituama shinani siku mbili tatu, mpapai unaoza kwa chini na unaanguka ukiwa na mapapai yake.

Na huo msumari. Bibi mzaa mama alikuwa anaupigilia, kwa hiyo sitacheka. Ila mpapai dume una tabia ya kubadilika wenyewe mara mojamoja hali ya hewa ikigeuka, ukazaa vipapai vichache vinavyoning'inia kwenye vikonyo vilevile virefu. Aliyepigilia msumari mwezi huo atausifu msumari. Ukishapasua ua ukathibitisha ni madume, kata yote miwili, otesha mingine.

Kwenye mpesheni nina aibu yangu. Nilikuwa na miwili ya njano, na 2019 ilizaa mpaka tukawa tunagawia watu kwa ndoo. Mwaka uliofuata maua yalikuja mengi vilevile, yananukia vilevile, tunda hakuna. Nikamwaga samadi. Majani yakanona, yakawa mapana kama kiganja cha mbeba mizigo, na maua yakaendelea kudondoka. Nikanunua dawa, nikapuliza, hali ikazidi kuwa mbaya. Siku moja nimekaa barazani saa nane mchana nikasikia kimya. Hakuna kinachovuma. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba miezi kadhaa nyuma nilimwita mtu aje kupuliza dawa kwenye kenchi za banda la gari na kuziba matundu, kwa sababu mbao zilikuwa zinatobolewa na yule nyuki mkubwa mweusi anayevuma kama bodaboda ya mbali. Kumbe ndiye aliyekuwa ananizalishia pesheni, nami nikamlipa mtu amuue.

Liangalie ua lenyewe uone kwa nini. Kule juu kuna vidole vitatu vya jike vimejikunja kwenda chini, na chini yake kuna vifuko vitano vya chavua, yaani ule unga wa dume. Nyuki wa asali ni mdogo, anapita chini, anakusanya chavua yake na kuondoka bila kugusa vile vidole. Yule mweusi akiinama kunywa utamu, mgongo wake unafuta vyote viwili.

Sasa nikuulize wewe: mpesheni wako ni mmoja? Maana wa njano haushiki mimba kwa chavua yake wenyewe. Hata ukikata vipandikizi kumi kutoka humo ukavipanda, bado ni mmea uleule. Tafuta mwingine uliooteshwa kwa mbegu ya kwingine, upande jirani yake. Kisha mchana, maana maua ya njano hufunguka kuanzia saa sita hivi na usiku hujifunga, chukua brashi laini ya watoto ya kuchorea, kusanya unga wa huu paka vidole vya ule, na wa ule paka vya huu. Likikubali, baada ya siku chache utaona kidude cha kijani kinavimba. Wa zambarau hujizalisha wenyewe na hufunguka alfajiri, ila unataka baridi ya huko kina Lushoto, huku kwetu utakusumbua tu. Mimi pamoja na brashi nilitundika gogo kavu la mwembe nyuma ya banda, mbali na kenchi. Wale weusi walirudi, wamelitoboa lote, na sitaki mtu aliguse.

Mstafeli ni habari ileile kwa ufupi. Ua lake huanza kuwa jike, baadaye ndipo hugeuka dume na kumwaga chavua, kwa hiyo ua moja halijisaidii. Tunda lililopinda maana yake upande mmoja ulipata chavua na mwingine haukupata. Okota unga kwenye maua yaliyokomaa ambayo petali zake zinaanza kuachia, paka kwa brashi kwenye yale yanayofunua mdomo kidogo tu. Usisahau yaliyoota kwenye shina na matawi manene, mengi ya kwangu yaliyofika ukubwa wa kichwa cha mtoto yametoka huko.

Na dirishani mwekee shemeji mwasumini. Mama mkwe wangu wa Unguja alipouona wa kwetu, umerefuka mpaka bati na una maua matatu, alichukua kisu cha jikoni akaukata ukabaki kiunoni. Tulinuna. Wiki chache baadaye kila chipukizi lilikuwa na vitumba vya maua, kwa sababu mwasumini huchanua kwenye matawi mapya. Kwao vitumba huchumwa kila siku alasiri, vikiwa bado vimefumba, vikafunguke usiku kwenye nywele au kwenye kikuba, kile kishada cha kunukia, pamoja na majani ya mrehani. Upate jua la kutosha, samadi kidogo tu. Ukiizidisha utavuna majani.

Mbolea na dawa acha kwanza. Kesho saa nane mchana simama kwenye mpesheni nusu saa, uone anayekuja. Halafu pasua ua la kila mpapai, piga picha kwa karibu, uiweke hapa tuone kama yote miwili ni dume kweli.