Watazamaji 12 Si Watazamaji 2,400

Wadogo zangu mnaoanza kazi hii hapa Kampala, wiki iliyopita nilisoma rasimu tatu za modeli za utafutaji wa macho, yaani zinazotabiri jinsi mtu anavyokitafuta kitu ndani ya picha, na katika zote nikalikuta kosa langu la zamani, kana kwamba mmeliokota pale nilipolitupa.

1. Hesabuni watu kabla ya kuhesabu majaribio. Mwaka wangu wa kwanza niliwaketisha watazamaji 12 mbele ya skrini, kila mmoja akamtafuta swala katika picha 200 za mbuga ya Queen Elizabeth, zilizopigwa kiangazi, wakati nyasi na mnyama huwa rangi moja. Nikapata mistari 2,400 ya data, mmoja kwa kila jaribio, nikaichanganya, nikatenga asilimia 80 ya kufundishia modeli na 20 ya kuipimia, na matokeo yakapendeza hata nikawanunulia wenzangu rolex, ile chapati ya kukunjia mayai. Siku ya kuwasilisha, mzee mmoja aliyekaa nyuma akauliza nilikuwa na watazamaji wangapi. Nikajibu kwa kifua mbele, "Elfu mbili na mia nne." Akavua miwani, akaifuta taratibu, kisha akasema, "Na wote hao uliwapa chai?"

Watu walicheka; mimi nilielewa usiku. Mwenye jicho kali huwa nalo katika picha zote, kwa hiyo majibu yake ni ndugu wa tumbo moja, nami nilikuwa nimemweka mtu yuleyule pande zote mbili za mgawanyo. Uwiano wa majibu ndani ya mtu, yaani kiasi majibu ya mtu mmoja yanavyofanana kuliko ya watu tofauti, ukiwa 0.1 tu, basi kwa kukadiria wastani, majaribio 2,400 yana uzito wa kama 115 yaliyo huru. Nilipoanza kumtoa mtazamaji mmoja mmoja na kuitaka modeli imtabiri bila kumjua, uzuri wote uliyeyuka. Majibu ya watu tofauti kwa picha ileile nayo yana undugu huohuo.

2. Ripotini kengele za uongo, yaani majibu ya "yupo" kwenye picha isiyo na mnyama, kwa kuwa anayejibu "yupo" kila mara hakosi mnyama hata mmoja. Asilimia 0 au 100 ya majibu ya "yupo" huipeleka d′, kipimo cha uwezo wa mtu kutofautisha picha yenye mnyama na isiyo naye, kwenye ukomo: ongezeni 0.5 kwenye idadi ya majibu ya "yupo" na 1 kwenye jumla ya majaribio, kwa picha zenye mnyama na zisizo naye vilevile.

3. Msijaze wanyama kwenye picha. Mtafiti wa utafutaji wa macho Jeremy Wolfe na wenzake walionyesha mwaka 2005 kwamba shabaha, yaani kitu kinachotafutwa, ikiwemo katika nusu ya picha watu huikosa mara 7 kwa 100, lakini ikiwemo katika asilimia 1 huikosa mara 30. Mmoja wenu amenilalamikia kwamba picha tupu zinawachosha watazamaji. Zinawachosha, ndiyo, askari wa wanyamapori naye hutembea kutwa nzima bila kukuta mtego hata mmoja wa waya, na modeli yako inadai kumtabiri yeye.