Nishati imelingana, lakini nyutroni zako zimekaa wapi?

Juzi kijana mmoja wa Nachingwea ameniandikia kwamba programu yake ya kukokotoa viini vya atomu imetoa nishati sahihi ya heliamu-6, akaomba nimwelekeze namna ya kuandika matokeo. Nilikuwa nimeketi barazani hapa Shangani, Mtwara, na moyo ulinishtuka, kwani nimewahi kupita njia hiyohiyo.

Kiini cha heliamu-6 huchukuliwa kuwa miili mitatu: chembe ya alfa (protoni mbili na nyutroni mbili zilizoshikana) na nyutroni nyingine mbili zinazotanda mbali nayo. Ni mafiga matatu hasa, maana ukiondoa moja, mawili yanayobaki hayashikani: heliamu-5 haidumu, na nyutroni mbili peke yake hazifungamani. Kuzing'oa zote mbili kunahitaji MeV 0.97 tu (MeV ni kipimo cha nishati ya viini), ilhali kung'oa nyutroni moja ndani ya alfa kunahitaji MeV 20.6.

Programu yangu ya kwanza ilinipa kiini kilichofungamana kupita kiasi. Badala ya kutafuta chanzo, nilipunguza nguvu kati ya alfa na nyutroni, usiku baada ya usiku, mpaka skrini ikaonyesha 0.97, nikaenda kuwasilisha kwa furaha. Mwalimu mmoja akauliza: nyutroni zako zimekaa katika wimbi gani? Nilipofungua jedwali mbele ya watu, karibu muda wote zilikuwa kwenye wimbi la s, yaani hali isiyo na mzunguko kuizunguka alfa, mahali ambapo nyutroni za alfa yenyewe zimeshajaa, na kanuni ya Pauli inakataza nyutroni mbili kukaa katika hali ileile moja. Akanirudishia karatasi zangu bila kufunua ukurasa wa pili. Miaka imepita, na mkono ule bado nauona.

Namba iliyolazimishwa ilingane na maabara haisemi ukweli, hata kama aliyeilazimisha hakukusudia kudanganya. Kwa hiyo, mdogo wangu, rudi kwanza kwenye heliamu-5: alfa na nyutroni moja zikae pamoja kitambo kifupi mno katika wimbi la p, lenye kipimo kimoja cha mzunguko, kisha ziachane. Ondoa hali zilizokatazwa, ndipo uongeze nyutroni ya pili. Nilipofanya hivyo, nyutroni zilihamia zaidi kwenye p3/2 (wimbi la p ambamo spini ya nyutroni inaelekea upande mmoja na mzunguko wake), na ufungamano ukapungua kidogo kuliko wa majaribio; upungufu huo ni wa kawaida katika modeli hii, nao hufidiwa kwa nguvu ndogo ya miili mitatu, inayofanya kazi pale tu yote mitatu inapokaribiana, ambayo ni lazima uitaje waziwazi.

Ukimaliza, nitumie jedwali la mawimbi kwanza. Nishati nitaisoma baadaye.