Maswali ya Wasomaji: Tarumbeta Lisilowameza Wenzake

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naongoza bendi ya matarumbeta ya usharika wetu, nje kidogo ya Njombe. Sauti ya kwanza na ya pili tuko wanne. Vyombo vitatu ni vya zamani, tulipewa na usharika rafiki wa Ujerumani. Cha nne valvu, yaani vile vibonyezo vya vidole, zimekufa. Washarika wamechanga tununue kingine. Kijana wetu mmoja anataka tarumbeta kali kama alilolisikia harusini Mbeya. Mimi naogopa litawameza wenzake. Tuchagueje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kijana usimvunje moyo. Matarumbeta ya harusi hata mimi nayapenda, lakini kazi yake ni kuita watu wa mtaa wa pili. La kwenu linakwenda kukaa katikati ya tenzi za sauti nne.

Kabla ya kutoa hata shilingi, vitazame vizuri hivyo vyombo vitatu vya zamani. Je, ni matarumbeta kweli? Bendi za kanisa za Ujerumani zimezoea sana fulugelihoni, ndugu yake tarumbeta mwenye bomba linalopanuka zaidi, na kwetu hapa kila chenye valvu tatu huitwa tarumbeta. Fuata bomba kwa kidole: la tarumbeta lina unene uleule kwa sehemu kubwa, kisha linapanuka kuelekea mdomo wa mbele. La fulugelihoni linaanza kupanuka mara tu baada ya valvu, na sauti yake ni nene, ya mviringo. Kama vyote vitatu ni fulugelihoni, tarumbeta lolote litajitokeza, hata lipulizwe kwa adabu namna gani. Hapo tafuteni fulugelihoni nyingine, au korneti, ndugu mwingine wa tarumbeta mwenye sauti laini.

Kama ni matarumbeta, chukueni la Bb (si bemoli) lenye bomba la kipenyo cha milimita 11.65 hivi, ndicho kipimo cha kawaida cha watengenezaji Bach na Yamaha. Rangi ya fedha au ya dhahabu isiwapotezee muda.

Pesa nyingine iende kwenye mausipisi, kile kipande cha kupulizia kinachogusa midomo. Ukali wa sauti mara nyingi unatoka hapo: kikombe kifupi hutoa sauti nyembamba inayochoma. Kwa mausipisi za Bach, herufi inaonyesha kina cha kikombe, A ndiyo yenye kina kirefu, na kadiri unavyosogea mbele kikombe kinafupika. Namba inaonyesha upana, nayo inakwenda kinyume: 7 ni nyembamba kuliko 3. Si lazima wote wapulize namba moja, midomo ya watu haifanani. Herufi ndiyo ikaribiane. Wote wakiwa na C, mmepunguza nusu ya ugomvi.

Sasa kujaribu. Ombeni muuzaji awaruhusu mkalijaribie kanisani kwenu, maana dukani kila tarumbeta ni tamu. Anayepuliza hasikii vizuri sauti yake mwenyewe, kwa kuwa ule ukali unatoka mbele ya chombo na kwenda moja kwa moja kwa msikilizaji. Kwa hiyo mama mmoja wa kwaya mwenye masikio akae benchi la mwisho, awape mgongo. Wanne mpulize G ya mstari wa pili, polepole, kisha ubeti mmoja wa utenzi. Aseme ni nani anajitokeza. Badilishaneni vyombo, rudieni. Likijitokeza kila linaposhikwa, mrudishieni mwenyewe. Likijitokeza kwa kijana wako tu, basi tarumbeta halina kosa, na hapo unajua la kufanya.

Ila msijaribu Julai saa moja asubuhi vyombo vikiwa vya baridi. Hewa ndani ya bomba ikipoa kwa nyuzi 10 za Selsiasi, sauti inashuka karibu theluthi ya nusu toni. Baridi ya Njombe unaijua mwenyewe. Vyote vipashwe kwa pumzi kwanza, ndipo mlinganishe.

Hakikisheni pia slaidi (kijibomba cha kuvuta) ya valvu ya tatu ina pete ya kidole na inateleza, kwa sababu D ya chini hutoka juu kidogo ya sauti yake kila mara na inarekebishwa hapo. Kwenye vyombo vya zamani imeganda mara nyingi. Ya kwenu fundi aifungue.

Mkiangukia la mtumba, likagueni bomba linalopokea mausipisi. Madoa ya rangi ya waridi yanayotokea ndani ya shaba ni dalili kwamba zinki imeshaliwa. Hilo liacheni hukohuko, hata kwa bei ya kuku.