Bibi, Rudisha Uzi Kabatini

Wiki hii ujumbe umetoka Shela, Lamu. Mtoto ana siku 7, kando ya kidole cha mwisho kinaning'inia kidole cha sita, na bibi yake ameshatoa uzi. Mama anauliza kama akifunge ili kidondoke. Mwanangu, usifunge.

Uzi ukilegea kidogo tu, huziba mishipa inayorudisha damu, na ile inayoleta damu huendelea kusukuma. Kidole huvimba, huwa cheusi na chenye majimaji, kisha usaha huingia. Ukiteleza kabla ya wakati, jeraha huvuja damu. Hata kidole kikidondoka salama, uzi haukai chini kabisa ya shina, kwa hiyo hubaki kinundu chenye neva, yaani mshipa wa fahamu, ndani, na mtoto huumia kila kikiguswa. Wanaopaka uzi huo majivu wanamfungulia pepopunda mlango.

Papasa shina. Likiwa ngozi tupu, daktari hukikata kwa ganzi ya kudunga na hukata neva juu kidogo, ijifiche ndani ya nyama. Ukihisi mfupa, hiyo ni kazi ya chumba cha upasuaji na nusu kaputi, na kwa kawaida husubiriwa mtoto akaribie mwaka. Eksirei ya kichanga haionyeshi mengi kwa sababu sehemu ya mifupa ya mkono wake bado ni gegedu, yaani mfupa laini.

Gumba likiwa pacha, asikwambie mtu kwamba ni kukata moja basi. Mara nyingi hutolewa la upande wa nje, lakini kano zake huhamishiwa kwenye linalobaki. Zikitupwa, gumba hukua limepinda, na mtoto hashiki kijiko wala kalamu vizuri.

Vidole vilivyoshikana ndivyo vinavyowachanganya wazazi. Fikiria watoto wawili ndani ya kanzu moja: ukiipasua katikati, hakuna anayestirika. Ngozi ni hivyohivyo, haitoshi vidole viwili, ndiyo maana daktari hukata kwa mstari wa pembepembe na mara nyingi huchukua kipande cha ngozi kinenani kujazia. Gumba na kidole cha shahada, au cha pete na cha mwisho, hutenganishwa mapema, kati ya miezi 6 na 12, kwa sababu urefu wao hautoshani na kirefu huvutwa kikapinda. Cha kati na cha pete vinaweza kungoja hadi miezi 18. Vikishikana vitatu, havitenganishwi vyote siku moja: kidole cha katikati kikikatwa pande zote mbili kinaweza kukosa damu kikafa. Hukatwa upande mmoja, mwingine baada ya miezi kadhaa.

Vidole vya mguu vilivyoshikana, hasa cha pili na cha tatu, viacheni. Mtoto atatembea, atakimbia, atacheza mpira.

Kabla ya yote, muombe daktari asikilize moyo na akague kifua na miguu, kwa kuwa kasoro hizi wakati mwingine huja na nyingine. Mara nyingi kidole cha sita hurithiwa tu. Si laana, si kijicho, na mama hakula kitu kibaya. Acheni kumfunika mtoto mkono mbele ya wageni!

Walio Lamu waanze hospitali ya King Fahd, wapate barua ya rufaa, na wamwandikishe mtoto SHA, bima ya afya ya serikali, kabla ya kupanda boti ya Mokowe kwenda bara. Baada ya upasuaji bandeji au piopi (plasta ngumu) hukaa wiki 2 hadi 3, mara nyingi hadi juu ya kiwiko, maana mtoto huivua kama soksi. Isilowe, na mchanga wa pwani usiingie. Muonyesheni daktari kila mwaka, ngozi ya katikati hupanda tena mtoto akikua.

Usiku wa kuamkia upasuaji, chakula na maziwa ya ng'ombe vikome muda wa saa 6 kabla, maziwa ya mama muda wa saa 4. Akinyonya kwa bahati mbaya, semeni. Tarehe itasogezwa, lakini maziwa hayataingia mapafuni.