Kulishtaki gereza kwa kumnyima mahabusu matibabu

Ndugu uliyeuliza iwapo familia inaweza kulishtaki gereza linalokataa kumpeleka mahabusu hospitalini: inaweza, na mimi nimefanya hivyo kwa niaba ya kaka yangu. Kifungu cha 22 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakuruhusu kufungua kesi kwa niaba ya mtu asiyeweza kujifungulia mwenyewe, bila kutozwa ada ya kuifungua, na kifungu cha 51 kinamwachia mfungwa haki zake zote isipokuwa zile zisizopatana na hali ya kufungwa. Kinachowashinda wengi ni ushahidi.

Kaka yangu, mgonjwa wa kisukari, alikuwa mahabusu katika gereza moja hapa Nairobi alipopata kidonda mguuni. Kwa wiki tano tuliahidiwa langoni, kwa mdomo tu, kwamba angepelekwa hospitalini gari likipatikana. Serikali ilipojibu ombi letu mahakamani, iliambatisha kurasa za daftari la zahanati ya gereza zikionyesha kwamba alipewa dawa ya maumivu mara sita, na hoja yake ikawa kwamba alitibiwa. Kilichotuokoa ni barua mbili nilizomwandikia mkuu wa gereza, ambazo nilibaki na nakala zake zilizogongwa muhuri wa kupokelewa, pamoja na kadi ya kliniki ya kabla hajakamatwa iliyothibitisha kwamba alikuwa akijidunga insulini, dawa ya kisukari, wala si ya maumivu tu. (Karani wa kwanza alikataa kugonga muhuri, nilirudi kesho yake nikamkuta mwingine.)

Mwenzetu aliyekujibu kwa kuitaja kesi ya Marekani ya Estelle dhidi ya Gamble, ya 1976, alisahau nusu yake. Mahakama ya Juu ya huko ilisema kwamba kupuuza kwa makusudi maradhi makubwa ya mfungwa ni adhabu ya kikatili, lakini Gamble mwenyewe, mfungwa aliyeshtaki, aliyekuwa ameonwa na wahudumu wa afya mara 17, hakufua dafu dhidi ya daktari, kwa sababu kukosea katika tiba si sawa na kupuuza. Kwa hiyo hati yako ya kiapo isiishie kulalamikia dawa. Itaje tarehe ulizoomba, uliyemwomba na alichokujibu.

Wala usitangulize fidia. Sisi tuliwasilisha kwanza, kwa cheti cha dharura (hati ya kuomba kesi isikilizwe haraka), ombi la amri ya muda ili apelekwe hospitali ya umma na ripoti ya daktari iletwe mahakamani, na jaji wa mahakama ya Milimani, hapa Nairobi, akaitoa. Kaka alikatwa vidole viwili, mguu ukapona. Dai la fidia bado linasubiri hukumu.